Jina Lililofunga Shairi

Siku tuliyomzika mume wangu, mchungaji alisimama kando ya kaburi akasema kwamba marehemu Mbogoni alikuwa Mgogo wa kwanza wa upande wetu ambaye shairi lake lilipigwa chapa gazetini, tena zama za Wadachi, na kwamba alichapwa viboko hamsini kwa ajili ya shairi hilo wala hakulikana. Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Wajukuu wakavimba vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nimejifunika kaniki. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwosha kwa mikono yangu, nimepitisha kitambaa cha maji ya moto juu ya mgongo wake, kwenye makovu ninayoyajua yote, lile refu linaloanza begani, yale mawili yaliyopishana kiunoni, na lile la ubavuni ambalo halikupona vizuri likabaki linamwasha kila msimu wa baridi. Mchungaji aliposema neno "shairi lake" nikainamisha kichwa. Wakadhani nalia. Nilikuwa na hasira, na naandika haya hasira hiyo ikiwa bado ya moto, maana najijua, ikipoa nitaanza kupamba.

Habari za baba na mama naziruka. Walikuwa watu wema, walikuwa na mbuzi, inatosha. Ninaloandika ni la mwaka mmoja tu, mwaka ambao reli ilikuwa inakaribia Dodoma nami nina miaka kumi na minane hivi, nasaga unga kambini. Kambi ilikuwa mwendo wa siku moja mashariki ya Dodoma, mahali ambapo kilima cha mawe kilikaa katikati ya njia na Wadachi hawakutaka kukizunguka. Tulikuwa wanawake kumi na wawili chini ya banda la nyasi, tumepiga magoti kwa mstari, kila mmoja na jiwe lake, tunasaga mtama wa watu mia na zaidi. Tulianza kukiwa hakujakucha sawasawa, tukamaliza jua likiwa utosini. Vifundo vya mikono vilivimba, magoti yalichubuka, na asiyefikisha kipimo alichapwa fimbo za miguuni na mnyapara hapo hapo alipopiga magoti, kisha akaendelea kusaga. Unga ukishajaa tulijitwika tukaupeleka kwa karani akaupime.

Karani wa kambi tulimwita Karani Hemedi, mtu wa mwambao, mwembamba, kanzu yake nyeupe hata kwenye vumbi lile. Chumba chake kilikuwa cha mabati, na meza yake aliiunda kwa mbao za masanduku ya baruti ambazo bado zilikuwa na maandishi mekundu ya hatari. Kulikuwa na kitanda cha kamba, birika la kahawa, harufu ya mafuta ya taa, na ukutani msumari mmoja ambao magazeti yake yote yalining'inia kwa uzi, mwezi juu ya mwezi. Gazeti lilichapwa shuleni huko pwani, likatufikia mara moja kwa mwezi kwenye mzigo wa mpagazi, pembe zake zimekunjamana. Karani Hemedi alikula mchana mlango ukiwa wazi, na alikuwa hawezi kusoma kimya. Alisoma kwa sauti, mdomo umejaa wali, na wasikilizaji wake walikuwa shaush, mkubwa wa askari, Mmanyema mmoja mnene asiyejua herufi hata moja, na sisi tuliosimama mlangoni na unga vichwani tukingoja zamu. Kurasa za mbele zilihusu bei ya mpira na safari za wakubwa, na shaush alizisinzilia. Ukurasa wa nyuma ndio ulikuwa wa mashairi na habari za ngoma. Hapo hata shaush alifungua macho.

Siku iliyonigeuza ilikuwa siku ya kawaida tu. Karani alisoma habari ya mashindano ya ngoma huko Tanga, makundi mawili, siku tatu mfululizo. Mwandishi alieleza nguo walizovaa, na matusi waliyotupiana kwa nyimbo, na jinsi siku ya mwisho ngozi ya ngoma kubwa ilivyopasuka katikati ya wimbo. Bibi aliyekuwa anaongoza wimbo hakunyamaza. Alipiga ardhi kwa nyayo zake, peke yake, hadi ngoma nyingine ikaletwa, na watu wa kundi la pili wakasahau kuwa ni wapinzani wakaitikia. Kisha mwandishi akataja jina la yule bibi na mtaa anaokaa. Mimi nilikuwa mpiga ngoma. Kwetu ngoma tunaibana mapajani, wanawake ndio tunaopiga, na nilikuwa napiga vizuri kuliko wenzangu, nasema bila haya. Lakini nilikuwa nafikiri wimbo unakwisha vumbi likitua. Leo nasikia mtu ameichukua ngoma nzima, na jasho lake, na ngozi iliyopasuka, akaiweka kwenye karatasi, nayo imesafiri hadi Ugogo kunikuta nimesimama na unga kichwani. Na mwanamke ametajwa jina. Karani alinipigia kelele mara mbili nishushe mzigo, sikumsikia.

Tangu hapo nilijifanya mzembe wa makusudi, nikawa wa mwisho kwenye mstari ili ningoje zaidi. Karani Hemedi hakuwa mjinga. Mtu anayesoma kwa sauti mbele ya shaush anayesinzia humtambua haraka asiyesinzia. Akaanza kunisomea mashairi mara mbili mbili, akanifundisha mizani kwa punje za mtama, nane upande huu wa kifuniko cha sanduku, nane upande ule, na vina vikae mahali pake. Alicheka Kiswahili changu mpaka akapaliwa na kahawa. Akanifundisha pia kwamba ubeti wa mwisho ndio unaobeba jina la mtunzi na mji wake, na kwamba shairi lisilo na jina gazeti halilipokei, watu watalijibu vipi kama hawajui wamjibu nani? Kwetu tuna desturi yetu. Anayetunga maneno juu ya sauti ya mwenzake humtaja kwanza mwenye sauti, la sivyo ni mwizi, na watu wana ruhusa ya kumnyang'anya ngoma mbele ya kadamnasi. Nazitaja desturi hizi mbili hapa kwa sababu baadaye nilijificha nyuma yake.

Sauti niliyokuwa nayo kichwani mwaka ule ilikuwa ya Mbogoni. Alikuwa mbeba mawe, mabega mapana, maneno machache, na jioni alikaa mbele ya kibanda cha wabebaji akipiga zeze la nyuzi mbili huku wenzake wakila ugali na mlenda. Nilimpenda, na sikumwambia. Nilisaga kwa mapigo ya zeze lake, basi, hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu.

Msimamizi wa kilima tulimwita Bwana Baruti, Mdachi mwenye ndevu nyekundu. Siku moja ya kiangazi baruti ya kwanza ililipuka, ya pili ikakaa kimya. Bwana Baruti alingoja kidogo, akatazama saa yake, akaamuru watu waingie kuondoa mawe. Mnyapara alisita, akala kiboko cha uso. Watu saba wakaingia. Sisi tulikuwa tunasaga, nikaona kwanza mawe yanaruka, ndipo nikasikia mlio, ndipo yakaanza kutunyeshea vipande vidogo vidogo juu ya banda, na si vyote vilikuwa vya mawe. Mwanamke jirani yangu alipata kimoja kwenye unga wake. Alikitazama, akakitoa kwa vidole viwili, akakifukia kando, akaendelea kusaga, maana kipimo ni kipimo. Mbogoni alikuwa mmoja wa wanne walioamriwa kukusanya. Waliwakusanya kwa machela na kwa makarai. Shimo halikuchimbwa. Tuta la reli lilikuwa linajazwa siku ile ile, wakalazwa humo, udongo ukamwagwa juu na watu wakapitishwa wakaushindilie kwa miguu.

Mchana nilikuwa mlangoni kwa karani na unga wangu. Bwana Baruti aliingia, hakuniangalia, akamwambia Karani Hemedi aandike kwamba wale saba wametoroka kazini. Karani akauliza, wote saba, Bwana? Wote saba. Akaandika. Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote. Kisha akanipimia unga wangu, akasema umepungua kidogo.

Mtoro chini ya Wadachi ana kwao, na kwao hufuatwa. Baada ya siku chache askari walirudi kutoka vijiji vya wale saba na mbuzi, na vijana saba wengine wamefungwa kamba shingoni, wa kujaza nafasi. Nyumba mbili walikuwa wamezichoma. Na nyuma yao, kwa mwendo wake wa taratibu, akaja mama mtu mzima amejifunga ngozi, mama wa mmoja wa waliokuwa chini ya tuta. Alikaa kitako mbele ya banda letu. Alituuliza kwa Kigogo, kwa adabu kabisa, akitusalimia mmoja mmoja.

"Wanangu, nyinyi ndio mnaompikia. Amekimbilia upande gani? Nikajue tu upande, nitamfuata mwenyewe."

Tulikuwa tumeambiwa kwamba atakayezungumzia wale saba atachapwa kama mwanamume. Wanawake kumi na wawili tukasaga. Akauliza tena. Tukasaga kwa nguvu zaidi ili mawe yapige kelele. Alikaa hapo siku nne, tukampa uji, akaunywa, akatushukuru, akauliza tena. Nimeona vifo vingi maishani mwangu, nimezika watoto wangu wawili, lakini kelele za mawe yale siku zile nne ndizo zinazonishtua usingizini hadi leo.

Nilishindwa kumjibu, nikatunga. Nilitunga nikisaga, kwa Kiswahili changu kibovu, kwa sauti ya zeze la Mbogoni, sauti aliyoanza kuipiga jioni ya siku ile ya kukusanya na ambayo haikuwa na maneno. Beti za kwanza zilisifu reli na chuma chake na akili za walioibuni, kwa sababu nilikuwa nimesikia mashairi ya kutosha ya gazeti kujua kwamba bila sifa mlango haufunguliwi. Ubeti wa tano ulikuwa huu:

Jiwe lilipopasuka, watu saba wakalala,
Tuta likawafunika, bila sanda wala sala,
Na gari likishafika, abiria watakula,
Msikanyage kwa nguvu, chini wapo wenye njia.

Karani Hemedi alipousikia alikaa kitandani. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Aliinuka akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kufanya mchana, akahesabu mizani kwenye vidole vyake, akasema hakuna la kurekebisha. Nakumbuka nilivyopata joto mwilini kwa neno hilo. Aliogopa, lakini alikuwa mtu wa mashairi, na kila mwezi aliipeleka barua yake gazetini na haikuchapwa. Alisema huko pwani watadhani ni maombolezo tu ya watu waliokufa kazini, hawana habari ya daftari la watoro. Akachovya kalamu.

"Tufunge na jina," akasema. "La kwangu siliweki, nina mke na watoto. Nani katunga?"

Ningeweza kusema mimi. Chumba kilikuwa na watu wawili tu, na swali lilikuwa jepesi. Nilikumbuka fimbo za miguuni, nikakumbuka kiboko cha mnyapara usoni, nikakumbuka kwamba mwenye sauti hutajwa kwanza. Nikasema aandike hivi: sauti yake Mbogoni, mpiga zeze Mgogo. Akaandika, akangoja. Akauliza, na maneno? Nikasema hiyo inatosha, ndiyo desturi ya kwetu. Karani akapuliza wino ukauke. Nilijiambia ni adabu. Ulikuwa woga, na niliujua kwa jina lake hapo hapo, nikiwa bado nimesimama.

Mwezi wa pili yake gazeti likaja nalo. Karani Hemedi akapoteza akili kwa furaha. Jumapili, kazi imesimama, alitoka nje ya chumba, akapanda juu ya sanduku akalisoma mbele ya wabebaji wote, beti zote nane, na mwisho akalitaja jina kwa sauti ya mwadhini. Watu wakamgeukia Mbogoni. Alikuwa ameshika tonge la ugali mkononi. Hakulila, hakuliweka chini. Uso wake nilidhani ni wa mtu aliyeonewa, na kwa miaka mingi nikaendelea kudhani hivyo. Yule mama alikuwa bado anaishi pembeni ya kambi. Alimuuliza mtu maana ya yale maneno ya Kiswahili, akaelezwa.

Kesho yake kulipopambazuka tulimkuta mama yule juu ya tuta na jembe. Alikuwa ameshafukua kiasi cha kufika magotini, pole pole, udongo akiuweka upande mmoja kwa utaratibu, kama anachimba viazi. Askari alimwita, hakugeuka. Akampiga kwa kitako cha bunduki nyuma ya shingo. Alianguka ndani ya shimo lake akataka kuinuka, akapigwa tena. Tulimbeba hadi bandani. Aliishi siku tatu, macho wazi, hasemi, akichokoa unga sakafuni kwa kidole. Nilimlisha uji ukatoka pembeni mwa mdomo. Wakati anakufa nilikuwa nasaga.

Bwana Baruti alitaka kujua nani alimwambia. Gazeti likaletwa mezani, likatafsiriwa, na ubeti wa tano ulimgusa kuliko mtu yeyote, kwa sababu wakubwa wa boma husoma gazeti pia na kwao wale saba walikuwa watoro. Mbogoni aliletwa mbele ya bendera. Akaulizwa kupitia kwa karani kama shairi ni lake. Sisi sote tulikuwa tumesimamishwa tutazame. Akasema, "Ndiyo, ni langu." Hukumu ikawa hamsini kwa kusema uongo juu ya kazi ya serikali. Na kwa kuwa sheria yao haikuruhusu zaidi ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kwa siku moja, atapigwa nusu leo na nusu baada ya majuma mawili. Walikuwa watu wa sheria.

Walimlaza juu ya pipa, wawili wakashika mikono, wawili miguu. Shaush mnene ndiye aliyepiga, yule yule aliyefungua macho kwa mashairi. Kiboko cha kwanza kinaacha mstari mweupe, ambao hugeuka mwekundu taratibu. Kufikia cha sita hakuna mistari tena. Mbogoni hakulia hadi cha kumi na moja, kisha akalia kwa sauti nyembamba sana ambayo sikuijua. Damu iliruka ikafika kwenye kanzu ya karani aliyekuwa anahesabu. Nilihesabu naye moyoni. Mizani nane na nane ni kumi na sita, nikawaza, na bado tisa. Naona aibu kuandika kwamba niliwaza hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Basi nikawa na majuma mawili. Alifungwa mnyororo kwenye banda la askari, amelala kifudifudi, nzi juu yake, nami kila siku nilimpelekea uji na kumfukuzia nzi kwa tawi. Neno moja lilitosha. Bendera ilikuwa hatua mia kutoka jiwe langu la kusagia, na kila asubuhi Bwana Baruti alisimama hapo. Siku ya tisa niliacha kusaga, nikaenda hadi nusu ya njia, Karani Hemedi akatoka akanishika mkono akaniingiza chumbani kwake. Akaniketisha kitandani. Akaniambia nikisema, Mbogoni hatapunguziwa hata kimoja, wataniongeza mimi juu yake na yeye karani juu yangu. Pengine alisema kweli. Kisha akanipakulia wali, wali wa nazi, wa kwanza kuonja maishani mwangu, na kipande cha samaki mkavu. Nilikuwa na njaa. Nilikuja kusema jina langu, nikala wali. Niliukomba hadi sahani ikang'aa, nikamshukuru, nikarudi kusaga. Watoto wangu hawajawahi kujua kwa nini mama yao huomba ugali hata siku ya harusi.

Nusu ya pili ilipigwa juu ya vidonda ambavyo vilikuwa ndiyo kwanza vinafunga. Kufikia cha nane Mbogoni aliwaponyoka, akauleta mkono wa kushoto mgongoni kujikinga, kiboko kikaangukia vidole. Tulisikia mvunjiko. Shaush akasema hesabu imeharibika, akaanza upya kutoka moja. Kwa hiyo si hamsini, mchungaji. Ni hamsini na nane. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile vya kubana nyuzi, vilipona vimepinda, na hakupiga zeze tena, alilining'iniza tu ukutani, kila nyumba tuliyohamia.

Reli ilifika Dodoma kabla ya masika. Karani Hemedi alihamishwa, sikusikia habari zake tena. Mbogoni akanioa, sijui kwa nini, sikumuuliza, na alinioa kwa furaha. Katika vita na njaa iliyofuata, na misheni ambako hatimaye nilijifunza kuandika herufi hizi, nimekuwa mtunzi. Nyimbo zangu zimeimbwa harusini na kanisani, kijiji hadi kijiji, na kila jambo linalonichoma nalitafutia mahali kwenye beti kama nilivyojifunza mlangoni pale. Na kila jioni, kwa miaka arobaini na zaidi, nilimpaka mume wangu mafuta mgongoni. Niliifanya kama kazi ya adhabu. Nilikuwa nahesabu makovu huku nimebana midomo.

Wiki moja kabla hajafa nilimwambia. Alikuwa amelala ubavu, mifupa mitupu, mwanga wa asubuhi unaingia dirishani. Nilimwambia lile shairi ni langu, nilitaja jina lake peke yake kwa sababu niliogopa, na kwamba majuma yote mawili niliogopa.

"Najua," akasema. "Karani aliniambia siku ile, tukingoja kuitwa. Alisema nikikataa ataulizwa yeye, naye atakutaja wewe."

Nikamwambia, kwa hiyo ulipigwa kwa ajili yangu.

"Hapana, Mama Mika. Usinisifu." Akakohoa, akapumzika. "Lilikuwa zuri. Lilisomwa juu ya sanduku watu wote wakanigeukia, na mimi sijawahi kutunga hata neno moja. Waliponiuliza ni langu, nikataka liwe langu. Nikasema ndiyo."

Nilitamani kumzaba kofi. Mtu amebakiza siku chache, nami nikatamani kumzaba kofi. Miaka arobaini napaka mafuta kwa toba, na yeye amelala pale chini ya mikono yangu akijiona mshairi. Nikamuuliza kama hakuona uchungu kunidhulumu. Akaniuliza kama mimi sikuona uchungu kumtaja. Kisha akacheka kidogo, kicheko kilichomuumiza mbavu, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye, nikachukua kibuyu cha mafuta, nikamgeuza, nikampaka mgongo wote hadi kiunoni bila kuhesabu.

Kaburini nilinyamaza mara ya pili. Lakini jana mjukuu wangu mkubwa, mwenye kazi mjini, alikuja na karatasi na kalamu akasema wenye gazeti wangependa kulitoa tena shairi la babu. Nilimtajia beti zote, nazikumbuka. Yule mama sikumjua jina, na hilo ndilo tundu ambalo halitazibika. Mjukuu alipofika ubeti wa mwisho aliandika alichozoea kusikia, akataka kufunga kalamu. Nikamshika mkono. Nikamwambia bado mstari mmoja, na aandike kwa herufi kubwa, na asiulize kwanza, ataulizia baadaye.

Sauti yake Mbogoni, mpiga zeze Mgogo.
Maneno yake Mbeleje, msaga unga wa reli.